Kilimanjaro: kwa nini juu migomba, chini mahindi, na upande wa Amboseli ng'ombe?

mwl_jiografia
Habari wakuu. Naandaa ziara ya kidato cha pili, mada ni jinsi sura ya nchi na tabianchi ya Afrika zinavyoamua kazi za watu. Badala ya ramani ya bara zima nimechagua mlima mmoja. Basi litaanzia Himo na kupanda hadi lango la Marangu, kisha darasani tulinganishe na upande wa Amboseli, kaskazini mwa mlima, nchini Kenya. Notsi tulizonazo zinasema tu kwamba miteremko ina "mvua na maji ya theluji". Naomba vitu vya kuwaonyesha kwa kidole, na vipimo vyake.

kusi_na_kaskazi
Mwalimu, anza na upepo. Theluji iache kwanza. Kusi hutoka baharini na unyevu wake, ikifika mteremko wa kusini inalazimika kupanda, inapoa, inamwaga mvua. Moshi mjini, kwenye mita 800 hivi, hupata kama milimita 900 kwa mwaka. Ndani ya msitu, karibu mita 2,100, mvua inakaribia milimita 3,000. Ukizidi kupanda inapungua tena, na Kibo, kilele cha juu kabisa, haifiki hata 200, yaani juu kule ni jangwa la baridi. Upande wa pili upepo unashuka umeshakamuliwa, ndiyo maana Amboseli inaambulia kama milimita 350.

Joto hushuka takriban nyuzi 0.6 kwa kila mita 100. Hili lipimeni wenyewe, ila kuna mtego. Mkiondoka Himo saa mbili asubuhi na kufika langoni saa tano, jua limepanda pamoja nanyi, na tofauti mtakayoipata itakuwa ndogo kuliko ilivyo kweli. Acha kundi moja Himo na kipimajoto chake, makundi yote yasome saa ile ile, kivulini, kipimajoto kikiwa mita moja na nusu kutoka ardhini. Si ndani ya basi, wala juu ya lami.

Sasa theluji. Barafu ya Kibo imepungua kwa zaidi ya asilimia 80 tangu 1912, na mchango wake kwenye mito ni mdogo mno. Maji ya Wachagga yanatoka kwenye mvua ya ukanda wa msitu. Sehemu kubwa huzama kwenye miamba ya volkano yenye vitundu na kuibuka chini kama chemchemi, hata upande mkavu: vinamasi vya Amboseli vinalishwa hivyo. Hiyo sentensi ya notsi ifute.

shamba_darasa
Naongezea kilimo. Ukanda wa kihamba, yaani shamba la Mchagga linalozunguka nyumba, ni kati ya mita 1,000 na 1,800 hivi. Simamisheni basi popote katikati na mhesabu ghorofa: juu miti ya kivuli kama miringaringa na miruka, chini yake migomba, kisha kahawa, na ardhini magimbi na maharage. Ng'ombe yuko bandani, haachiwi kutembea, kwa sababu eneo ni dogo (vihamba vingi havifiki ekari mbili) na akitoka anakula migomba. Majani yake mengi hubebwa kutoka tambarare, samadi inarudi kwenye mashina ya migomba. Kwa hiyo rutuba inapandishwa mlimani kwa kichwa na kwa pikapu, jambo ambalo ramani haionyeshi.

Mpaka wa kahawa ya arabika mwambie mwanafunzi autafute kwenye magonjwa. Ukishuka kwenye joto, kutu ya majani na bungua, mdudu anayetoboa shina, vinazidi. Ukipanda kwenye baridi na ukungu, chulebuni, ugonjwa wa ukungu, inashika punje zikiwa bado kijani. Hata kazi ya baada ya kuvuna inafuata mwinuko. Kahawa nyekundu humenywa siku ile ile, lakini kuvunda hadi ute uachie huchukua kama siku moja sehemu za joto, na juu huweza kufika saa 72. Anayefuata saa badala ya kuishika punje kwa vidole anaiharibu: ikizidi inanuka, na punje moja inayonuka inatia doa kikombe kizima.

Chini, kwenye mahindi, ukavu ndio unaoamua. Ni mazao ya masika, hayawezi kungoja mwaka mzima kama mgomba. Mgomba nao juu unajikokota: tambarare yenye maji ukipandwa leo unavuna baada ya mwaka hivi, kwenye baridi unaweza kupita miezi 18.

olopololi
Upande wetu Wamaasai wa Amboseli msiueleze kama "wamekosa mvua wakafuga". Kwa milimita 350 mahindi yangekufa miaka mingi kuliko yangeiva, nyasi hazifi. Masika mifugo inatawanyika kwenye mbuga za wazi, kiangazi inarudi vinamasini na kwenye miteremko. Karibu na boma panaachwa eneo la nyasi, olopololi, kwa ndama na wagonjwa wasioweza kwenda mbali. Ng'ombe wa kienyeji anahitaji lita 20 hadi 30 kwa siku, na ukame ukikaza hunyweshwa siku moja, nyingine anaachwa, ili afike malisho ya mbali.

Kinachovunja mpango ni kinamasi kuwekewa uzio. Kinamasi cha Kimana sasa ni nyanya na vitunguu vya umwagiliaji. Nyanya zinalipa, sibishi. Lakini kinamasi kilikuwa ghala la kiangazi, na ghala likifungwa mbuga yote inayolizunguka inapoteza thamani.

mwl_jiografia
Asanteni sana. Mifongo je, ile mifereji ya asili ya Wachagga ya kumwagilia, bado ipo ya kuonyesha?

shamba_darasa
Ipo mingi. Tafuta banio mtoni: mawe, magogo ya migomba na udongo, maji yanakingwa nusu tu ili wa chini wapate. Kisha fuateni mfereji ukikumbatia ubavu wa kilima. Mfereji ukiinama sana maji yanakula kingo, ukilala sana tope linatuama. Kaa na fuko wanatoboa, na mfereji wa udongo unaweza kupoteza zaidi ya nusu ya maji njiani. Wengi hukimbilia saruji, na ni sahihi kwenye mianya mikubwa, ila yale "yaliyopotea" mara nyingi ndiyo yanayonywesha migomba ya jirani chini ya mfereji.

Kabla ya kushusha wanafunzi muone mwenyekiti wa mfongo. Watoto arobaini wakipanga mstari juu ya ukingo mmoja, jioni kuna watu watalazimika kuuziba upya.