Amplifaya inajizima kila nikipandisha sauti, naomba ushauri

Mkaazi wa Langoni
Assalam aleikum ndugu zangu. Nina amplifaya ya mtumba hapa Lamu. Kwa sauti ya chini inaimba vizuri, lakini taarabu ikikolea kidogo nasikia "tak!" inazima, taa nyekundu inapepesa. Ikipoa inawaka tena. Iko ndani ya zidaka kubwa, lile shubaka la ukutani; spika mbili ziko sebuleni, mbili barazani, zote zimeandikwa omu 8 (kipimo cha ukinzani wa umeme). Mama hatoki siku hizi, miguu inamsumbua, na nyimbo zake ndizo zinazomchangamsha. Fundi anataka abadilishe saketi nzima. Nimpe?

Fundi wa Shela
Waaleikum salaam. Usimpe bado! Hiyo ni kinga inafanya kazi yake, inakata kabla transista hazijaungua. Chomoa umeme, toa nyaya zote za spika, kisha washa. Ikizima hata bila spika, ugonjwa uko ndani, na hapo ndipo fundi anahitajika. Ikikaa, tafuta nje. Tazama ncha za nyaya: unyuzi mmoja ukigusa wa pili, ni shoti. Chumvi ya bahari nayo inakula shaba. Zilizogeuka kijani zikate, uchune upya. Kifuniko usikifungue, kapasita hubaki na umeme hata ukishachomoa.

Mtu wa Malindi
Kaka, ya sebuleni na ya barazani umezifunga tundu moja? Omu 8 mbili zikiwa sambamba zinakuwa 4. Soma nyuma ya mashine inaruhusu ngapi.

Mkaazi wa Langoni
Bila spika imekaa muda mrefu, haikuzima. Na ndiyo, nimezifunga pamoja. Nyuma imeandikwa 6 hadi 16.

Mtu wa Malindi
Basi ndiyo hiyo. Omu zikishuka mkondo unapanda, na joto nalo.

Fundi wa Shela
Na uitoe zidakani leo leo. Mashine hiyo hupumua kwa juu, na ukuta wa mawe umeizunguka pande zote. Iweke mezani, juu pabaki wazi, wala usiifunike kitambaa.

Mkaazi wa Langoni
Nimeiweka mezani, nimeacha spika za sebuleni tu. Imepiga tangu alasiri hadi isha bila kuzima. Lakini mama anapenda kukaa barazani jioni.

Fundi wa Shela
Ziunge kwa mfuatano: chanya ya amplifaya kwenye chanya ya spika ya sebuleni, hasi yake kwenye chanya ya ile ya barazani, hasi ya barazani irudi kwenye amplifaya. Upande wa pili vivyo hivyo. Utapata omu 16. Sauti itapungua kidogo, ila mashine itakuwa salama. Msalimie mama.