Tupeane uzoefu: namba mbaya za praktikali ya fizikia, na kosa lililozaa kila moja (Arusha na Moshi)

Pendulamu_Sakina:
Wakuu, uzi huu ni wa walimu, mafundi wa maabara, kidato cha sita na wa mwaka wa kwanza chuo. Nadharia kila mtu anayo kwenye daftari. Hapa leteni namba iliyokosewa, semeni imetoka wapi na inazibwaje. Naanza na g, yaani mchapuko wa mvutano wa dunia.

Kwanza tukubaliane namba ya huku kwetu. Arusha mjini iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, Moshi iko chini zaidi, na wote tuko nyuzi 3 na kitu kusini mwa ikweta. Ukiweka mzunguko wa dunia na mwinuko pamoja, g yetu ni 9.78 m/s². Ile 9.81 ni ya Ulaya. Mwanafunzi akikuletea 9.81 kamili aliyoipata kwa uzi na gololi, kagua jedwali lake kabla ya kumpa pongezi.

Pendulamu (gololi inayoning'inia kwenye uzi) ya mita 1 inakwenda na kurudi kwa sekunde 2.01; muda huo ndio T. Mara 20 ni sekunde 40.2. Sasa namba mbaya:

g = 10.8. Huyu kasema "moja" palepale alipowasha saa. Kapima mizunguko 19 akagawa kwa 20. T inapungua asilimia 5, na kwa kuwa g inatafutwa kwa kugawa kwa T mraba, inapanda karibu asilimia 11. Dawa: unawasha saa kwa kusema "sifuri". Na usiwashe saa wakati gololi iko pembeni, maana pale inasimama kidogo na jicho halijui lini hasa. Chora alama ya chaki nyuma ya uzi, katikati, uwashe saa wakati gololi inapita hapo kwa kasi.

g = 9.45. Kaivuta mbali mno. Kwa pembe ya nyuzi 30, T inaongezeka asilimia 1.7 na g inashuka mara mbili ya hapo. Baki ndani ya nyuzi 10. Kwa uzi wa mita 1 hiyo ni sentimita 17 pembeni, hakuna haja ya protrakta.

Mwl_Majengo:
Hapo kwenye 9.45 naongeza, maana kuna mwizi wa pili anayeacha nyayo zilezile. Mwanafunzi akipima uzi kuishia juu ya gololi badala ya katikati yake, kwa uzi wa sm 25 na gololi yenye nusu kipenyo cha sm 1, atapata g ya 9.40.

Utawatofautishaje? Badilisha urefu. Kosa la pembe halijali uzi ni mrefu au mfupi, asilimia ni ileile. Kosa la urefu linauma uzi mfupi na kusamehe mrefu: kwenye sm 25 ni karibu asilimia 4, kwenye mita 1 ni asilimia 1 tu.

Ndiyo maana tunachora T² dhidi ya L (urefu wa uzi) kwa urefu tano au sita, hatutegemei mmoja. Mteremko ni 4π²/g, huku kwetu ni 4.04 s²/m. Aliyesahau nusu kipenyo, mstari wake unakata mhimili wa T² kwenye 0.04 badala ya sifuri, lakini mteremko uko salama na g inatoka vizuri. Tatizo linaanza pale anapoona mstari haupiti sifuri, anashika rula na kuulazimisha upite. Hapo ndipo kaharibu kazi iliyokuwa nzima! Muache mstari ufuate nukta, halafu aulizwe hiyo 0.04 ni ya nini.

Dada_Kalipa:
Vitu vidogo vinavyosahaulika. Uzi wa nailoni unanyooka ukibeba mzigo, upimeni gololi ikiwa tayari inaning'inia. Msifunge uzi kwenye msumari kwa fundo legevu, kwa sababu unazunguka msumari na urefu unabadilika katikati ya safari. Ubaneni kati ya vipande viwili vya mbao au kizibo kilichopasuliwa. Gololi ikianza kuchora duara, simamisha uanze upya.

Kijana_Kiboriloni:
Shikamooni walimu. Sasa nikiipandisha pendulamu Kibo g inabadilika kweli, au ni ya mtihani tu?

Pendulamu_Sakina:
Marahaba. Inabadilika, ila hutaiona. Kibo ni mita 5,895. Mwinuko peke yake unakunyang'anya kama 0.018 ukilinganisha na usawa wa bahari, na mlima ulio chini ya miguu yako unakurudishia sehemu, kwa sababu nao una masi inayovuta. Ukilinganisha na Moshi, tofauti inabaki kama asilimia 0.1. Kwenye mizunguko 20 hiyo ni sekunde 0.02, na kidole chako kwenye stopwochi kinayumba zaidi ya hapo. Peleka thermosi ya chai, pendulamu iache nyumbani.

FundiRedio_Kilombero:
Tuingie upande wa kwanta, maana watu wanadhani kupima h (namba ya Planck, inayounganisha nishati ya mwanga na frikwensi yake) kunahitaji maabara ya mamilioni. Vifaa: taa tatu za LED za kioo kisicho na rangi zinazotoa nyekundu, kijani na bluu, rezista ya 1 kΩ (kahawia, nyeusi, nyekundu), volyumu ya redio ya 1 kΩ, betri tatu za tochi na multimita moja ya kawaida. Chaja ya simu ya bei poa iacheni, volteji yake inacheza.

Betri ziunganishe kwenye miguu miwili ya nje ya volyumu. Kutoka mguu wa kati nenda rezista, kisha LED kwa mguu mrefu, kisha rudi hasi. Ukigeuza LED haiwaki, na kwa volti 4.5 haiungui, igeuze tu.

Weka multimita kwenye rezista, zungusha volyumu mpaka isome milivolti 100. Hapo mkondo ni milliampia 0.1. Usiguse tena volyumu, hamishia pini kwenye LED usome volti zake. Rudia kwa rangi zote kwa milivolti 100 zilezile. Msishuke hadi milivolti 10: multimita hizi nyingi zina ukinzani wa 1 MΩ, kwa hiyo kwenye volti 2 inajinywea mikroampia 2 yenyewe. Kwenye 100 hiyo si kitu, kwenye 10 ni moja ya tano.

Mwl_Majengo:
Na namba zake mbaya ni hizi. h = 5.4 × 10⁻³⁴: katumia LED nyekundu peke yake, kasoma 1.6 V, kaweka eV = hf (chaji ya elektroni mara volti ni sawa na h mara frikwensi) moja kwa moja. Kwa mkondo mdogo hivyo, volti za LED ziko chini ya nishati kamili ya fotoni (chembe ya mwanga), kwa sababu joto linaisaidia elektroni sehemu ya safari. Chora volti dhidi ya frikwensi (nyekundu ya nanomita 630 ni 4.76 × 10¹⁴ Hz, kijani ya 525 ni 5.71, bluu ya 470 ni 6.38) na tumia mteremko. Upungufu unaofanana kwa rangi zote unakwenda kwenye mkato wa mhimili, kama ile nusu kipenyo ya gololi. Ila haufanani kwa asilimia mia, maana nyekundu ni kemikali tofauti na bluu, kwa hiyo ukikosea asilimia 10 hadi 20 usilie.

h = 7.3 × 10⁻³⁴: katumia LED nyeupe akadhani ni nanomita 550. LED nyeupe ndani ni bluu iliyopakwa unga wa njano. Volti ni za bluu, rangi unayoiona ni mchanganyiko.

h = 4.1 × 10⁻¹⁵: huyu msimkate maksi zote. Ni h sahihi kwa elektronivolti sekunde, kasahau kuzidisha kwa 1.6 × 10⁻¹⁹.

Dada_Kalipa:
Urefu wa wimbi msiuamini kwenye karatasi ya duka. Kwa leza, CD kuukuu inatosha, mistari yake iko mikromita 1.6 kutoka mmoja hadi mwingine. Toboa kadi, pitisha leza ipige CD wima, doa la katikati lirudi kwenye tundu. Kadi ikiwa sm 30 kutoka CD, leza ya nanomita 650 inaweka madoa sm 13.3 kila upande. Pande zikitofautiana CD imelala, inyooshe. Akipata nanomita 711 katumia tan badala ya sin, pembe ni nyuzi 24 na hapo haziko sawa. Macho yasiwe usawa wa meza wakati leza inawaka.

Kijana_Kiboriloni:
Na lile jaribio la kumulika bati la zinki lenye chaji, likiwa juu ya elektroskopu (kifaa ambacho majani yake hushuka chaji ikitoka)? Tuliambiwa mwanga ukiwa mkali elektroni zinatoka. Jua la huku si kali vya kutosha?

FundiRedio_Kilombero:
Ukali hausaidii kitu, mdogo wangu. Zinki inadai nishati ya kama 4.3 eV (elektronivolti) kwa kila elektroni, hiyo ni mwanga wa nanomita 288 au fupi zaidi. Ozoni inakata jua karibu na 290, kwa hiyo hata ukiwa Machame saa sita mchana kweupe hupati. Mwanga mkali ni fotoni nyingi, siyo fotoni kubwa. Ukiwa na taa ya UV (urujuanimno) ya kuulia vijidudu, ile ya nanomita 254, bati lisugue kwa msasa muda huohuo maana kutu nyeupe inazuia, na lichaji hasi. Ukilichaji chanya, elektroni zinazotoka zinavutwa kurudi na majani ya elektroskopu hayashuki. Kioo cha dirisha kikiwekwa katikati kinazuia UV na majani yanasimama palepale. Usiitazame hiyo taa, na mikono ifunikwe.