Mjadala: Nyaraka za historia ya Dodoma zitunzwe Dodoma au zibaki Dar es Salaam?

Mleta mada: Ndugu wachangiaji, naomba tujadili iwapo Mkoa wa Dodoma unapaswa kuwa na maktaba yake ya utafiti wa historia, au tuendelee kutegemea Nyaraka za Taifa zilizoko Dar es Salaam. Msimamo wangu ni kwamba tunaihitaji. Mwanafunzi wa hapa anayetaka kujua maofisa wa Kiingereza waliandika nini juu ya watemi wa Ugogo, mipaka yao na njaa ya Mtunya, iliyoikumba nchi hii baada ya majeshi ya Wajerumani na Waingereza kuchukua nafaka, ng'ombe na wapagazi katika Vita vya Kwanza vya Dunia na kisha mvua ikakosekana, hulazimika kusafiri hadi huko kukisoma Kitabu cha Wilaya, daftari ambamo maofisa hao waliandika habari za wilaya. Makao makuu yaliamuliwa kuhamia hapa mwaka 1973, na kumbukumbu za wenyeji zingestahili kufuata.

Mchangiaji: Siungi mkono. Nyaraka kongwe huhitaji chumba chenye hewa inayodhibitiwa na wahifadhi waliosomea kazi hiyo. Tukizigawa kimikoa zitaliwa na mchwa. Sheria ya Usimamizi wa Kumbukumbu na Nyaraka ya mwaka 2002 inatosha. Ziletwe nakala za kidijitali, basi.

Mleta mada: Kuhusu usalama wa nyaraka halisi nakubaliana nawe, ndugu yangu, zibaki zilipo, nasi tuletewe nakala. Hata hivyo, nakala hizo zitatupa yale tu ambayo mtawala aliona yanafaa kuandikwa. Ni nani atakayekusanya picha na barua zilizomo masandukuni mwa familia za Kongwa, ambako mradi wa karanga ulianza mwaka 1947 na wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika wakapewa kambi mwaka 1964? Linaloniuma zaidi ni wazee waliohamishiwa vijiji vya ujamaa katika Operesheni Dodoma, mwanzoni mwa miaka ya 1970, ambao wanazidi kutangulia mbele ya haki huku yale waliyoyaona, wanayoyasimulia kwa Kigogo, yakiwa hayajanaswa. Halmashauri ianze na chumba kimoja, kinasa sauti, mkutubi anayekijua Kigogo, na daftari la kuandika nani alisimulia, wapi na lini, kwa kuwa bila maelezo hayo mtafiti hawezi kuitegemea simulizi.