Fundi aling'oa bati lote ndani ya dele, birika la kahawa la bibi, akaniambia ni uchafu!

Salaam alaikum, wana Lamu na ndugu zangu wa pwani. Nina hasira na sitaificha.

Hapa mjini kumezuka biashara ya kung'arisha shaba. Vijana wenye grinda, msasa na maji ya betri wanabisha hodi nyumba kwa nyumba, Langoni mpaka Mkomani, wakichukua madele, masinia, vyetezo na mirashi ya wazee. Wengine hawangoji hata fundi, wanatazama video kwenye simu kisha wanajifanyia wenyewe uani. Vyombo vinarudi vinametameta, mwenye nyumba anafurahi, analipa. Ubaya anauona baadaye.

Dele ninayoisemea ni ya marehemu bibi yangu mzaa mama. Mwili wake shaba nyekundu, mdomo, kifuniko na pete ni shaba ya manjano, na ubavuni ina nakshi za kuchonga kwa mkono. Imemimina kahawa matangani, harusini na kila Mfungo Sita watu wakija Maulidi. Kijana alifika mlangoni, akaitazama, akasema, "Shangazi, hii imechoka, niachie niisafishe." Nikamwambia wazi, mbele ya mwanangu: nje tu, na usiguse ndani. Akaitikia, "Sawa shangazi." Nikampa na pesa za kuanzia.

Alivyoirudisha, nje inamulika macho. Nikafungua kifuniko nikachungulia: ndani nako kunang'aa, kwekundu! Nikamwuliza, mwanangu, bati limekwenda wapi? Akanijibu bila haya, "Bati gani shangazi? Mlikuwa na uchafu mweusi umeganda, nimeutoa wote kwa brashi ya waya. Sasa ni kama dhahabu."

Uchafu! Aliyekufundisha wewe ufundi ni nani?

Kwa asiyejua nieleze, maana naona hata watu wazima siku hizi hawajui. Dele ya shaba haiachwi tupu ndani. Hutiwa bati, ile metali nyeupe laini, si bati la paa. Fundi hukisafisha chombo, akakipasha moto juu ya makaa, akanyunyiza nushadiri (chumvi ya amonia) ili bati lishike, kisha akasugua kipande cha bati mpaka kiyeyuke, na upesi upesi akalitandaza kwa pamba kabla halijaganda. Bati huyeyuka kwenye joto la nyuzi 232 tu, ndiyo maana wazee walikuwa wakitukemea tukiiacha dele tupu juu ya jiko: maji yakikauka, bati linatiririka. Likiwa jipya ni jeupe, likitumika linafifia, linakuwa la kijivu, hata jeusi jeusi. Weusi huo si dosari. Dosari ni pale unapoanza kuona wekundu wa shaba ukitokeza chini yake. Hapo chombo kinahitaji kutiwa bati upya, si kukwanguliwa.

Na kazi ya bati si urembo. Kahawa ina uchachu, pH yake (kipimo cha uchachu, kikishuka chini ya 7 uchachu unazidi) huwa karibu na 5, na kitu chenye uchachu kikikaa kwenye shaba tupu huila shaba ile ikaingia kinywajini. Marekani kanuni zao za usafi wa chakula zinakataza shaba tupu kugusana na chakula chenye pH iliyo chini ya 6. Shirika la Afya Duniani nalo limeweka kikomo cha miligramu 2 za shaba kwa lita ya maji ya kunywa. Ukizidisha, unapata kichefuchefu, kutapika na tumbo kusokota. Sasa fikiria kahawa ya tangawizi iliyokaa ndani ya dele tupu tangu alasiri mpaka baada ya isha, inapashwa na kupashwa tena.

Mimi sikuhitaji kufikiria. Nilikuwa nimetoka kwenye shughuli za watu, na kabla sijaijaribu mwenyewe dele ile ikachukuliwa jikoni ikapikiwa kahawa ya wageni. Ami yangu ndiye aliyeionja wa kwanza. Akaweka finjani chini, akasema kahawa hii ina kutu. Mgeni mmoja alishamaliza yake, na usiku ule alitapika. Mzee wa watu, amekuja kutusalimia! Aibu ile nani atailipa?

Tena nje nako alikotakiwa kugusa amekuharibu. Nakshi zimebaki michirizi. Grinda haijui nakshi, inalamba kilichoinuka na kuacha kilichozama, na msasa mkali ukifuata unamalizia. Maua aliyochonga mtu kwa patasi ndogo, kipande kwa kipande, yamefutwa mchana mmoja. Mdomo wa dele una mabaka ya rangi ya waridi, na kijana akaniambia ndiyo rangi yake ya asili. Uongo. Shaba ya manjano ni shaba nyekundu iliyochanganywa na zinki. Ukiichovya kwenye asidi kali ukaisahau, asidi inakula zinki iliyo juu na kuacha wekundu peke yake. Hayo mabaka ni kidonda cha maji ya betri.

Akaona haitoshi, akaipulizia vanishi! Dele, chombo cha kukaa juu ya makaa! Tulipoiweka jikoni vanishi ikafura, ikanuka nyumba nzima. Hata ile isiyowekwa motoni, kwa upepo huu wetu wa chumvi, vanishi ikipasuka mahali padogo tu unyevu unaingia chini yake na kijani kinatambaa humo humo usipoweza kukifikia kwa kitambaa. Na brashi ya waya wa chuma huacha vijichembe vya chuma ndani ya shaba, siku chache unaona madoa ya kutu kwenye kitu ambacho hakishiki kutu ya chuma. Ule weusi wa zamani uliokuwa juu ya shaba ulijijenga taratibu kwa miaka na ulikuwa ukiitunza shaba iliyo chini. Wameuvua, sasa shaba mbichi inapigwa na hewa ya bahari waziwazi.

Siwa ya shaba ya Lamu, lile baragumu kubwa la sherehe, iko pale makumbusho, pamoja na ile ya Pate ya pembe za ndovu. Kuna mtu angethubutu kuisogelea na grinda? Basi kwa nini vya nyumbani kwetu vionekane ni vya kuchezewa? Sheria ya Makavazi na Turathi ya mwaka 2006 inavitambua kuwa vya kale vitu vilivyotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya mwaka 1895, na ndani ya nyumba za mji huu viko, watu wanavipikia. Anayenunua vya kupamba hoteli yake Shela afanye atakavyo na mali yake. Mimi nasemea vya kulia na kunywea.

Kuna la hatari zaidi, na hapa naomba msome polepole. Nilipolalamika, fundi mwingine alijitolea "kunirekebishia". Nikamwuliza atatumia bati gani. Akanionyesha waya wa lehemu, ule wa kuunganishia redio! Ndugu zangu, lehemu ya kawaida ya redio ni bati sehemu 60 na risasi, ile metali yenye sumu, sehemu 40. Risasi! Anataka kupaka risasi ndani ya chombo cha kahawa, watoto wanywe. Shirika la Afya Duniani linasema wazi kwamba hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na watoto ndio wanaoumia zaidi, inawaharibu ubongo. Bati la chombo cha chakula ni bati safi, halichanganywi. Fundi akikuonyesha waya uliozungushwa kwenye kigurudumu, mtoe nyumbani kwako.

Vivyo hivyo vumbi. Maungio ya vyombo vya zamani, pale mdomo unaposhikana na mwili, mengi yameungwa kwa lehemu yenye risasi. Ukiyapiga grinda uani, bila kitambaa puani, watoto wanacheza pembeni na nguo zimeanikwa, vumbi lile linakwenda wapi? Wewe unayejifanyia mwenyewe kwa kufuata video, jiulize hilo kabla hujawasha umeme.

Mama zetu walisafisha shaba bila mashine na ikapendeza. Ukwaju uliolowekwa, au ndimu na chumvi kidogo, unapaka nje, unasugua kwa kitambaa laini, hungoji ikauke, unasuuza kwa maji mengi na kukausha papo hapo mpaka kwenye pembe za nakshi. Ikiwa na madoa sugu, jivu laini lililochekechwa. Ndani ni maji na sponji tu, basi, jivu wala mchanga havikanyagi humo. Tena si kila wiki, ni kabla ya idi au shughuli. Bibi yangu alifanya hivyo uhai wake wote na nakshi zikabaki zinasomeka kwa kidole.

Kwako kijana, unajijua, na najua jamaa zako wanapita hapa. Sikutaji jina kwa heshima ya mama yako. Nataka pesa zangu zote, na nataka unilipie gharama ya kutia bati upya. Nakshi huwezi kuzirudisha, kwa hiyo hizo sikudai. Na uache kuchukua vyombo vya chakula vya watu mpaka ukajifunze. Usipofika nyumbani nitakwenda kwa mzee wa mtaa na dele mkononi.

Na nyinyi wengine: nani anamjua fundi wa kutia bati kwa njia ya zamani, kwa nushadiri na bati safi, Lamu, Malindi au Mombasa? Nielekezeni hapa hapa kila mtu asome, maana najua si mimi peke yangu mwenye dele nyekundu ndani. Ukiwa nayo, usiipikie. Ichungulie sasa hivi, mchana huu kuna mwanga.