Wauza jenereta na mafundi, kwa nini hamtuambii kufunga koki ya mafuta? Nimefukia mayai 419

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Wiki iliyopita nimefukia mayai 419 nyuma ya banda. Karibu kila yai nililolivunja lilikuwa na kifaranga ndani, kimeshaota manyoya. Mengi hayakuwa yangu, ni ya akina mama wa mtaani wanaoniletea trei zao niwatotoleshee.

Natotolesha mayai Kibaha. Mashine yangu inabeba mayai 528. Safari hii, baada ya kuyamulika na kutoa yasiyo na mbegu, yalibaki 480. Siku ya 17, saa kumi na mbili jioni, mvua ikalaza nguzo na umeme ukakatika. Sikushtuka, kwa sababu jenereta ninayo na tangi nilijua limejaa. Nilivuta kamba mpaka kiganja kikachubuka. Haikuwaka. Harufu ya petroli ilikuwa kali, plagi ya kutoa cheche ilikuwa imelowa chapachapa, na nilipofungua tangi nikakuta mafuta yamebaki kidogo sana. Tulikesha na mke wangu tukipanga chupa za maji ya moto ndani ya mashine. Umeme ulirudi kesho yake saa saba mchana. Siku ya 21 walitoka vifaranga 61, na wengine miguu haikushika.

Sasa nieleze ilivyofika hapo, maana haikuanza usiku ule.

Jenereta niliinunua Oktoba 2023, wakati ule wa mgao mkali mnaoukumbuka wote. Ni ya petroli, kilovati mbili na nusu, injini ya nguvu farasi 6.5. Ilifanya kazi karibu kila siku na haikunisumbua hata mara moja. Kuanzia Februari 2024 mitambo ya Bwawa la Nyerere ikaanza kuingiza umeme kwenye gridi, mgao ukapungua, na jenereta nikaisukumia stoo ikiwa na petroli yake. Muuzaji alinionyesha choki ya kuvuta wakati wa kuwasha, akanionyesha pa kuweka oili, akapokea hela yake. Kuhusu siku ambazo sitaitumia hakusema neno.

Juni 2024 nikaihitaji, ikagoma. Fundi wa kwanza akasema kabureta, ile inayochanganya petroli na hewa, imeziba, akachukua 35,000. Kumbe jeti, kile kitundu cha kupitishia petroli, aliichokonoa kwa waya wa breki ya baiskeli! Jeti ya injini kama hii tundu lake halifiki hata milimita moja, na ni shaba laini. Ukiichokonoa kwa waya unaipanua, na ukishaipanua hairudi. Toka siku hiyo ikawa inatoa moshi mweusi na kunywa mafuta kama gari. Novemba fundi wa pili akaona moshi, akaniuzia kabureta mpya, 65,000 na ufundi wake. Ikawaka vizuri. Akanijazia tangi "isije ikakuaibisha", akaniachia koki wazi, nikairudisha stoo. Hiyo ndiyo iliyokuja kugoma na mayai yangu ndani.

Fundi wa tatu ndiye aliyeniumiza zaidi. Alikausha plagi, akaiwasha, ikanguruma kama dakika ishirini huku inapanda na kushuka, akazima akasema ring za pistoni zimekwisha, injini ishushwe, 180,000. Hakuchomoa hata kijiti cha oili kukiangalia.

Nilimpigia baba mdogo, ambaye maisha yake yote ametengeneza pampu za maji za wakulima wa mboga huko bonde la Ruvu. Alikuja na supana namba 10 na bisibisi tu. Kitu cha kwanza alichomoa kijiti cha oili akaninusisha. Petroli tupu, na kimo kimepita alama ya juu. Kisha akafungua bakuli la chini ya kabureta. Ndani kulikuwa na utando wa kahawia unaonata kama vanishi ya fundi seremala, na chini kabisa matone ya maji na unga mweupe.

Akanieleza. Petroli ikikaa haibaki petroli ileile. Vile vyepesi vinavyosaidia injini kuwaka vinaruka vyenyewe, na kinachobaki kinashikana na hewa kinageuka utomvu. Kwenye tangi inachukua miezi, lakini kwenye bakuli la kabureta, ambalo mafuta yake hayajazi hata kikombe cha kahawa na lina tundu la hewa, kwa joto letu hili wiki chache zinatosha. Utomvu ukikaukia kwenye jeti, injini haiwaki, au inawaka ukiwa umevuta choki tu. Ukiikamata ile sindano ya kufunga mafuta, inayopandishwa na floti (kiboya), sindano haifungi tena. Koki ikiwa wazi, tangi zima linashuka taratibu, linaingia kwenye silinda na kuteremka kwenye oili. Ndiyo maana tangi langu lilikuwa karibu tupu na plagi imelowa. Ring hazikuwa na shida yoyote usiku ule.

Na msiniambie ni ethanoli, maana mtandaoni kila anayeulizwa anajibu hivyo. Hiyo ni hadithi ya Marekani, ambako petroli nyingi ina ethanoli kama asilimia 10, na ethanoli inavuta maji. Petroli huharibika hata isipokuwa na ethanoli.

Kinga yake ni nini? Funga koki jenereta ikiwa inanguruma, iache imalize mafuta ya kwenye kabureta mpaka izime yenyewe. Chini ya bakuli kuna skrubu ya kumwagia, ilegeze yatoke yaliyobaki. Kama itakaa zaidi ya mwezi, toa na ya tangini utumie kwenye pikipiki ingali nzima. Basi! Haigharimu hata shilingi. Mimi nimelipa laki moja kamili kwa mafundi wawili, na mayai 419, kwa kitu cha dakika tano.

Nimekwenda kukitafuta kile kitabu kilichokuja na jenereta. Kipo humo. Ukurasa wa mwisho mwisho, maandishi madogo ya Kiingereza na Kichina, yanasema mafuta yamwagwe kabla ya kuihifadhi. Kwa hiyo mtengenezaji alijua. Fundi anayefungua kabureta kumi kwa wiki na kuona utomvu uleule kila siku naye anajua, haiwezekani asijue. Halafu anakurudishia imejaa, koki wazi, anasubiri urudi. Mnatuuzia ugonjwa na dawa kwa pamoja, na watu wanapoteza samaki kwenye majokofu, wanapoteza vifaranga, saluni zinakaa giza. Kibandiko cha Kiswahili cha mstari mmoja juu ya tangi kingegharimu nini?

Wale akina mama nimeanza kuwalipa kidogo kidogo. Hakuna aliyenigombeza, na hilo limeniumiza kuliko wangenitukana.

Kabureta tumesafisha, jeti nzima, sindano inafunga, oili chafu tumemwaga na kuweka mpya. Inawaka mvuto wa pili. Ila kuna mlio mwembamba wa kugongagonga ambao haukuwepo, na ninafikiria zile dakika ishirini ambazo yule fundi aliiendesha na oili iliyojaa petroli. Baba mdogo anasema niiendeshe saa tano nibadilishe oili tena ndipo tuamue. Waliowahi kukutwa na hili, je, mlio uliisha wenyewe, au mlikuta konrodi, ule mkono wa pistoni, imeshalika? Nina mayai mengine yanakuja Jumamosi na nahitaji kujua kabla sijayapokea.