Usiku wa baridi Kitulo: vifaa gani vinamfaa mtu anayetoka Mtwara?

Mwana-Mikindani ameuliza:

Salaam kwenu nyote. Mimi na wenzangu wawili tunajiandaa kwa safari ya miguu mwezi Julai, kuanzia Makete, kuvuka uwanda wa Kitulo, kisha kushuka Milima ya Livingstone hadi Matema kwenye Ziwa Nyasa. Kila mmoja atabeba mzigo wake mgongoni na tutalala hemani. Sote tumekulia pwani, ambako hata wakati wa kipupwe mtu hujifunika shuka moja na kuacha dirisha wazi, ilhali Kitulo iko kwenye mwinuko wa takriban mita 2,600 na tumeambiwa kwamba alfajiri za Juni hadi Agosti majani huamka meupe kwa sakitu.

Hapa Mtwara mjini nimenunua kwenye mitumba mfuko wa kulalia ambao lebo yake ina namba tatu: nyuzi 5, nyuzi 0, na nyuzi 15 chini ya sifuri. Muuzaji amesisitiza kwamba namba ya mwisho ndiyo ya kuangalia. Je, ni kweli? Na fedha iliyobaki niielekeze wapi: kwenye koti zito, blanketi, au kitu cha kutandika chini?

Mzee wa Nachingwea amejibu:

Mwanangu, hiyo namba ya mwisho usiitegemee hata kidogo. Namba ya kwanza inaonyesha baridi ambayo mtu wa kawaida ataweza kulala kwa raha. Ya pili ni mpaka ambao mtu mwenye kustahimili baridi atalala akiwa amejikunja. Na ya tatu inahusu kunusurika tu, tena akiwa katika hatari ya mwili kupoa kupita kiasi. Kwako wewe mfuko huo ni wa nyuzi 5, na kwa kuwa ni wa mtumba, uliokwisha kufuliwa na kubanwa kwa miaka, uhesabu kuwa umepungua nguvu zaidi ya hapo. Ukitaka kujua unakokwenda, kumbuka kwamba joto hupungua kwa wastani wa nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa hiyo kutoka usawa wa bahari hadi Kitulo unapoteza nyuzi zipatazo 17, na usiku usio na mawingu huongeza baridi juu ya hizo.

Fedha iliyobaki yote iweke chini ya mgongo wako. Nasema hivi kwa mkazo kwa sababu vijana wengi hununua cha kujifunika na kusahau cha kulalia. Uzito wa mwili hukandamiza nyuzi za mfuko upande wa chini hadi hewa iliyokuwa ikihifadhi joto ikatoka yote, na baada ya hapo ardhi inakunyonya joto usiku kucha, hata ukijifunika mablanketi matatu. Tafuta mkeka wa povu gumu lisilonyonya maji. Usikate sponji la godoro la nyumbani, kwa maana hilo hulala bapa na likilowa halikauki. Uwezo wa mikeka kuzuia baridi hupimwa kwa namba iitwayo R. Mkeka mmoja wa povu huwa na takriban 2, na kwa ardhi yenye sakitu ni vyema ufike 4 au zaidi. Namba hizo hujumlishwa, kwa hiyo mikeka miwili iliyopandanishwa itakufikisha hapo kwa gharama ndogo.

Binti wa Rondo amejibu:

Nakubaliana na Mzee, nami naongeza jambo la unyevu. Kaka, mfuko wa kulalia hauzalishi joto, bali ni kama chupa ya chai: hutunza kile ulichoingia nacho. Kwa hiyo usiingie ndani na fulana ya pamba uliyotembea nayo mchana, kwa kuwa pamba hushika jasho na jasho hupoza ngozi. Tenga nguo za kulalia, zifunge kwenye mfuko wa plastiki na usizivae kamwe njiani, hata kama zile za mchana zimelowa. Kwenye mitumba tafuta sweta la sufu halisi, kofia na soksi nene. Sufu huendelea kutunza joto hata ikiwa na unyevu. Koti zito sana liache, kwani ukitembea utalivua na litageuka mzigo.

Kula kabla ya kulala. Sisi watu wa kusini tuna korosho, ambazo zina mafuta mengi na ni nyepesi kwa kiasi cha nguvu zinazotoa.

Mwana-Mikindani:

Shikamoo Mzee. Ahsante sana dada. Mwenzetu mmoja amependekeza tubebe jiko dogo la mkaa ili tupashe hema joto kabla ya kulala. Mna maoni gani?

Mzee wa Nachingwea:

Marahaba. Mwambie mwenzenu asithubutu. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, na aliyelala huivuta bila kujua mpaka akapoteza maisha. Hata jiko la gesi lipikiwe nje. Chemsheni maji, yatieni kwenye chupa ngumu isiyovuja, ivikeni soksi na muiweke miguuni ndani ya mfuko. Matundu ya hewa ya hema pia yaacheni wazi, maana mvuke wa pumzi zenu watatu ukikosa pa kutokea utageuka maji na kuwadondokea.

Binti wa Rondo:

Kuhusu mahali pa kuweka hema, epukeni mabondeni na kando ya vijito, kwa kuwa hewa baridi hushuka na kutuama huko. Pandeni kidogo kwenye mteremko uliokingwa na upepo. Simu na betri laleni nazo ndani ya mfuko, kwani baridi hupunguza chaji. Kabla ya Julai nendeni Newala, mlale nje usiku mmoja kwenye ukingo wa uwanda wa Makonde, penye upepo na ukungu. Baridi ya huko haifiki ya Kitulo, lakini ikiwa mgongo wako utapoa Newala, ongeza mkeka kabla hujakata tiketi ya basi.

Mwana-Mikindani:

Tutakwenda Newala mwishoni mwa mwezi huu. Kesho naanza kutafuta mkeka wa pili, na jiko la mkaa litabaki nyumbani.