Naombeni ushauri: supavaiza kanirudishia ripoti, kaandika "hujui kuandika"

Kijana wa Bailojia (mwanzisha uzi)
Wakuu, habari za jioni. Niko mwaka wa tatu, nasoma bailojia chuo kimoja huku Kanda ya Ziwa. Utafiti wangu ni wa dagaa wa Ziwa Victoria: wanaoanikwa chini mchangani na wanaoanikwa juu ya vichanja, wapi wanabaki na maji mengi. Kazi ya mikono nimeimaliza. Kuandika ndiko kunaniua. Jana ripoti imerudi, kurasa 38, wino mwekundu mwanzo mwisho, na juu kabisa "hujui kuandika, tuonane Ijumaa". Leo Jumanne. Maabara napata A, kichwa kipo, ila nikikaa kuandika maneno yanagoma. Mtu anajifunzaje kuandika vizuri kwa siku tatu?

Ngosha Mtu Mzima
Yai la kuku lenyewe linataka siku 21, wewe unataka tatu.

Mzee Kandili
Kijana, kosa si lako. Mtoto anasoma Kiswahili darasa la kwanza hadi la saba, akifika kidato cha kwanza anakuta hata jani la muhogo linaelezwa kwa Kiingereza. Anakariri desa, anafaulu, anafika chuo hajawahi kuandika aya moja ya kwake. Mimi niliacha shule darasa la saba, lakini kijiji kizima barua za waume walioko mgodini niliandika mimi. Mama anasimulia, unasikiliza, unaandika alichosema. Kuna mmoja alitaka nimwambie mumewe paa linavuja, nikaweka na maua ya mahaba. Yule bwana alituma salamu tu, mabati hakutuma. Tangu siku hiyo paa naandika paa.

Pilipili Kichaa
Watson na Crick mwaka 1953 waliitangazia dunia umbo la DNA kwenye jarida la Nature kwa ukurasa mmoja na kipande. Wewe dagaa kurasa 38 😂

Shangazi Maabara
Acheni kumcheka. Mwanangu, ripoti za wanafunzi nimezisoma miaka mingi. "Hujui kuandika" haisaidii mtu, hata mimi nikiandikiwa hivyo nitalia. Weka hapa sentensi moja tu aliyoizungushia wino, igeuze Kiswahili, tuione.

Kijana wa Bailojia
Asante shangazi. Hii hapa, ipo kwenye matokeo: "Ifahamike kwamba kumekuwepo na utofauti mkubwa unaodhihirika wa kiwango cha unyevunyevu baina ya makundi husika ya Stolothrissa tanganicae yaliyofanyiwa utafiti, jambo lenye umuhimu wa kipekee katika muktadha mpana."

Shangazi Maabara
Haya. Umepima nini, na umepata ngapi? Nijibu kama unamjibu mama yako.

Kijana wa Bailojia
Nilipima uzito, nikaweka oveni nyuzi 105 saa 24, nikapima tena. Wa mchangani walibaki na maji asilimia 19, wa kichanja 12.

Shangazi Maabara
Umeona? Umeandika matokeo yako kwa mstari mmoja na nusu, maneno hayakugoma. Hayo ndiyo yanakaa pale, na idadi ya sampuli pembeni yake. "Muktadha mpana" futa. Anza na jedwali, halafu andika jedwali linasema nini, halafu ulifanyaje. Utangulizi uandike mwisho, ukishajua unatangulia nini. Na mbinu ziandike mtu wa Kigoma aweze kurudia bila kukupigia simu: mwalo gani, mwezi gani, kilo ngapi, walianikwa saa ngapi. Jina la kisayansi liwe la mlazo, ukiandika kwa mkono lipigie mstari. Neno la kwanza herufi kubwa, la pili ndogo.

Baharia wa Maji Baridi
Samahani shangazi, nakukatisha. Stolothrissa tanganicae ni dagaa wa Ziwa Tanganyika, jamaa ya sardini. Wa Victoria ni Rastrineobola argentea. Mtu aliyekaa mwaloni miezi na dagaa mkononi hawezi kukosea hapo. Wakuu, hii ni CHAI. Hakuna utafiti, hakuna supavaiza, mtu katunga.

Pilipili Kichaa
Chai ya maziwa kabisa. Nilishangaa A za maabara.

Ngosha Mtu Mzima
Nami nilitaka kusema, ila nilikuwa nakula.

Kijana wa Bailojia
Si chai wakuu. Naapa.

Baharia wa Maji Baridi
Basi samaki wa Kigoma kafikaje Mwanza? Kwa basi?

Kijana wa Bailojia
Sawa, niseme. Sehemu kubwa sikuandika mimi. Kuna jamaa wa steshenari karibu na chuo anaandikia watu. Nilimpa daftari langu la data na elfu 60 ya bumu, hela ya mkopo wa chuo. Nadhani kachukua ripoti ya mtu wa Kigoma akabadilisha namba. Lakini msinihukumu: data ni zangu, jua nimelila mimi, yeye kapanga lugha tu. Na nusu ya darasa wanapita kwake.

Shangazi Maabara
Na Ijumaa ulipanga nini?

Kijana wa Bailojia
Nimepata mwingine, wa mtandaoni, ana uzoefu. Nimeshatanguliza elfu 40. Nilitaka ushauri wa kuandika ili niweze kukagua kazi yake.

Mzee Kandili
Lo. Huyu anaweka maua kwenye paa kwa kulipia.

Ngosha Mtu Mzima
Elfu mia kwa dagaa! Si angenunua dagaa wenyewe.

Shangazi Maabara
Mwanangu, nina hasira lakini nitakwambia. Supavaiza hajasema umeiba, pengine hajaona, pengine ameona anakusubiri. Ukimpelekea ya mtu wa pili, swali la kwanza ni "huyu samaki ni yupi?" na utadisko, chuo wakuondoe, ukiwa umelipa mara mbili. Elfu 40 isahau. Nenda kabla ya Ijumaa, mwambie ukweli, beba daftari. Usiku huu andika mbinu peke yake, kwa Kiswahili. Kiingereza kitafuata.

Kijana wa Bailojia
Shangazi, rahisi kusema. Ada analipa kaka yangu anayeendesha bodaboda.

*(saa tano baadaye)*

Kijana wa Bailojia
Nimefungua daftari. Nimeandika hivi: "Dagaa walinunuliwa mwaloni alfajiri, kilo 4 kila wiki kwa wiki 6. Kilo 2 zilianikwa mchangani, kilo 2 kwenye kichanja cha wavu, hadi saa 10 jioni. Wiki ya 3 mvua ilinyesha saa 7 mchana. Wa kichanja walifunikwa turubai. Wa mchangani waliloa, wakaokotwa na mchanga." Hilo la mvua halimo kabisa kwenye zile kurasa 38. Sijui wiki ile niitoe au niiache.

Shangazi Maabara
Iache, useme ilinyesha. Halafu piga hesabu mara mbili, pamoja nayo na bila yake. Nenda kalale.

Mama Dagaa Kirumba
Hao wa mvua sisi huwa tunawauza chakula cha kuku, bei inashuka kabisa. Uliwapeleka wapi?

Kijana wa Bailojia
Nilikula mama. Mwezi huo bumu lilikuwa limeisha.

Baharia wa Maji Baridi
Picha ya turubai tafadhali.